Hakuna Aliyemuuliza Léontine

Siku ya soko Kitshanga kila mtu huamini kwamba njia ni yake. Ng'ombe wanapita katikati, pikipiki zinapita katikati, akina mama wenye magunia ya maharage mgongoni nao wanapita katikati, na hakuna anayeona sababu ya kukaa pembeni. Alhamisi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Léontine alikuwa anateremka kilima cha soko, kichwani karai la jibini, kiunoni kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, kilemba cha kitambaa hichohicho, na miguuni mabuti makubwa ya mpira. Alipenda kupendeza, lakini tope la Masisi alilijua tangu utotoni kwao Muheto.

Pikipiki ikapiga honi nyuma yake. Akaruka. Karai likayumba, na jibini moja, duara, nzito, ikadondoka na kuanza kubingirika. Ilipita kati ya miguu ya ng'ombe wawili, ikavunja fungu la nyanya, ikaongeza mwendo.

"Mumukamate!" Léontine alipiga kelele. "Bandugu, mumukamate uyo!"

Watu walitawanyika, wakidhani ni mwizi. Aliyebaki ni mwanaume mmoja mfupi, kifua kipana, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri kabisa. Aliangalia kile kitu kinakuja, akaweka mfuko wake chini kwa utaratibu, akajitupa juu yake kwa tumbo.

"Nimekamata," alisema kutoka kwenye tope. "Lakini sijuwe nimekamata nini."

"Ni fromaji."

"Fromaji njo nini?"

"Ni maziwa."

Yule mtu aliinua uso, ndevu zimejaa tope. "Ku kwenu maziwa inakimbia hivi?"

Léontine alicheka mpaka akalazimika kushusha karai chini. Mwenye nyanya alikuwa anadai haki yake, mwenye pikipiki anajitetea, na yeye alikuwa amejishika mbavu anacheka. Alipotulia alitoa kisu, akamkatia yule mwanaume kipande cha shukrani. Naye akakitia mdomoni, akatafuna, akasimama kutafuna, akameza kwa shida.

"Iko... iko na nguvu," alisema.

Aliitwa Isidore. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya pale Kitshanga. Kwao ni Walikale, upande wa msitu, kwa Wambuti, watu wa kuwinda na kurina asali, na alifika Masisi mwaka uliopita. Juu ya sababu za kuondoka kwao alisema tu kwamba alichoka, kisha akauliza jibini nyingine zinauzwa wapi.

Tangu Alhamisi hiyo hakukosa hata mara moja. Alinunua jibini kila juma, akivaa sura ya mtu anayeipenda. Léontine alikuwa mrefu kumpita kwa kichwa kizima, na Isidore aliposimama mbele yake alimtazama juu bila aibu yoyote, kama mtu anayeangalia tunda lililoiva. Msichana alijikuta anafunga kilemba mara mbili mbele ya kioo. Simu nazo zikaanza.

"Allo, chérie. Uko unafanya nini?"

"Niko nageuza fromaji."

"Juu ya nini unazigeuza? Ziko na usingizi?"

"Zinageuzwa kila siku, zisivimbe upande moja. Ungekuwa fromaji, ningekugeuza na weye."

"Ningekubali. Léontine, kuko kitu nataka kukuambia. Kinanisumbua roho."

Léontine aliacha kugeuza. "Sema."

"Fromaji yako siipendi. Hata kidogo. Inanuka muguu."

"Najua," Léontine alisema. "Mama jirani yako anakuja kunishukuru ku soko kila juma, juu ya fromaji unamupa."

Wote wawili wakacheka mpaka unite, salio la simu ya Isidore, ikaisha. Alipopiga tena, Léontine alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Alitaka kuwa shefu, yaani mkuu, wa leteri. Leteri ilikuwa nyumba ya mbao nje kidogo ya mji, ambako maziwa ya vilima vyote vya jirani yaligeuzwa kuwa jibini. Léontine aliingia humo akiwa msichana wa kuosha bido, yale madumu ya maziwa. Wanawake waliishia hapo: kuosha bido, kufagia, kuuza soko. Yeye alikawia jioni kumtazama Papa Sébastien, shefu mzee, akipima joto la maziwa kwa mkono, akiyakata yakishaganda, akiyakamua maji, akitia chumvi. Mzee akaanza kumwachia kazi kidogo kidogo, na miaka ya mwisho aliketi tu kwenye kiti chake akisinzia huku Léontine akitengeneza kila kitu. Sasa Papa Sébastien alikuwa anahamia Goma kwa mtoto wake. Wafugaji wenye ushirika wangekutana Jumamosi kutaja shefu mpya.

"Hakuna mwanamuke alikuwa shefu ya leteri," Léontine alisema. "Mu vilima vyote. Lakini Papa Mbonigaba aliniambia bananiwaza. Isidore, nikikosa hii, nitabaki kuosha vyombo ya bengine paka nizeeke. Uniombee."

"Nitakuombea. Na miye Jumamosi niko na neno langu."

"Neno gani?"

"Utasikia."

Msichana alilala anatabasamu, na yaliyofuata yatakuonyesha kwamba alitabasamu mapema.

Papa Mbonigaba alikuwa mwenyekiti wa wafugaji. Baba yake Léontine alipofariki, ndiye aliyemchukua, akamlisha, akamtafutia kazi, na mbele ya watu alimwita mwanangu. Jumamosi alisimama katika uwanja wa leteri na koti lake la kahawia, mbele yake wafugaji wameegemea fimbo zao, nyuma wafanyakazi. Wake wa wafugaji walichungulia juu ya uzio, kwa kuwa mkutano haukuwa wao. Léontine alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Papa Sébastien anatuacha," alianza Papa Mbonigaba. "Kwa nafasi yake tulimuwaza Léontine. Kazi yake munaijua. Lakini Mungu ametuletea furaha kubwa zaidi! Juzi kijana mumoja, mwalimu, amefika kwangu na asali ya msitu, chupa nzima, ameniomba njia ya kumuposa. Binti yetu anaolewa!"

Akina mama wa uzioni wakapiga vigelegele. Wafugaji wakagonga fimbo chini.

"Kijana anatoka Walikale," mzee aliendelea, macho yamejaa machozi ya kweli. "Mwanamuke akiolewa anafuata bwana, na kule ku pori hakuna ng'ombe. Basi hatuwezi kumupa leteri muntu wa kuondoka. Shefu atakuwa Guy."

Guy alikuwa kijana mpole aliyefika mwaka huo, ambaye bado aliita "Dada Léontine!" kila mara maziwa yalipoanza kuganda. Alishtuka, akaangalia nyuma kuona kama kuna Guy mwingine.

Watu walimzunguka Léontine wakimpa mikono. Hongera, hongera. Alipokea kila mkono bila kuona uso. Alikuwa amechumbiwa na kunyimwa nafasi yake ndani ya pumzi moja, na yote mawili ameyasikia pamoja na jirani. Kibaya zaidi, pembe fulani ya moyo wake ilikuwa imefurahi kusikia kwamba Isidore anamtaka, na furaha hiyo ndiyo iliyomkasirisha kuliko yote.

Isidore alikuwa anamngoja barabarani, shati jeupe, tai nyekundu ya kuazima, tabasamu kutoka sikio hadi sikio.

"Umefanya nini?" Léontine alimuuliza.

Tabasamu likapungua. "Nimefanya ya heshima. Ku kwetu muntu hasemi na binti kabla ya kusema na ule alimulisha. Ungekuwa wa kwanza kusikia, bazee bangesema ninakuiba."

"Ulimwambia tutaenda kuishi Walikale?"

"Hapana! Aliniuliza natoka wapi, nikajibu. Njo yote. Akanikumbatia."

"Na miye? Uliniuliza miye?"

"Nilitaka kukuuliza leo."

"Leo, Isidore, nimepoteza leteri juu ya jibu sijatoa bado." Sauti ilimkatika. "Bamempa Guy. Guy!"

Isidore alifungua mdomo. Léontine hakungoja. Alipanda barabara na mabuti yake, kitenge kipya kikizoa tope, na hakugeuka hata alipoitwa mara ya tatu.

Simu ilianza kuita kabla hajafika nyumbani. Hakupokea. Ujumbe uliingia, hakuusoma, au tuseme alisoma wote lakini hakujibu. Rafiki yake Fifi, aliyeuza unite kwenye kona ya soko chini ya mwavuli mwekundu, ndiye aliyemletea habari.

"Ule mwalimu wako anamaliza unite yangu yote. Asubui, mangaribi. Léo, nakuomba kama dada: usimusamehe mbio. Biashara haijawahi kutembea hivi."

"Fifi, niko na huzuni ya kweli."

"Naona." Fifi alimvuta akae naye juu ya benchi. "Basi nijibu na weye ya kweli. Unamukasirikia juu anakutaka?"

"Hapana."

"Unamutaka?"

Léontine alikunja pindo la kitenge, akalikunjua. "Sana," alisema. "Lakini banasema juu yangu kama vile niko mbuzi. Papa Mbonigaba ananipenda. Isidore ananipenda. Bote bananipenda, na hakuna hata mumoja aliniuliza."

Juma moja likapita hivyo. Jumapili baada ya misa alikwenda leteri peke yake, kwa kuwa jibini hazijui Jumapili. Alikuwa anazigeuza rafu kwa rafu aliposikia mtu anakohoa mlangoni. Isidore alisimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, bila tai.

"Siingii," alisema. "Nina neno, nikimaliza naenda."

Léontine aliendelea kugeuza. Isidore alichukua hilo kama ruhusa.

"Sikukuambia juu ya nini nilitoka Walikale. Nilifundisha kule miaka mingi. Direkta wetu alipoenda pension, miye njo nilikuwa na diplome, miye njo nilikuwa wa zamani. Siku ya kutaja nilikuwa mu koridori, chaki bado ku vidole, mulango haukufungwa vizuri. Nikasikia muzee mumoja anasema: 'Ule ni Mumbuti. Wakati ya asali ikifika, atatupa chaki, ataingia mu pori.' Bakacheka kidogo, bila ubaya. Bakamutaja mwingine." Alizungusha kofia. "Hakuna aliniuliza kama nitaenda. Miye asali nanunua ku soko kama bantu bote. Nikafunga mizigo bila kusema neno."

Mikono ya Léontine ilisimama juu ya jibini.

"Jana usiku njo nilielewa. Nilikuletea koridori yangu. Naweza kurudi kwa Papa Mbonigaba nimwambie amekosea. Lakini nikienda, itakuwa tena ni miye nasema na weye uko nje. Njo nimekuja kuuliza. Unataka nini?"

Ni kitu kidogo, swali kama hilo, lakini Léontine alikuwa amelingoja. Aliangalia rafu zote zile, kazi ya mikono yake kutoka chini hadi juu.

"Nataka leteri," alisema.

"Sawa."

"Nitaisema miye mwenyewe. Mbele yao bote."

"Sawa."

"Na weye utangoja."

"Kungoja najua," Isidore alisema. Akavaa kofia, akaenda zake, na Léontine aliona kupitia dirisha kwamba mabega yake yalikuwa mepesi kidogo. Aliona pia kwamba alipenda kuyaangalia.

Siku iliyofuata aliingia nyumbani kwa Papa Mbonigaba. Mzee alimpokea kwa furaha, akataka kuongea juu ya harusi, ya mbuzi, ya kwaya.

"Papa," Léontine alisema, "nataka kusema mu mukutano ya wafugaji."

Mzee alikuna kidevu. "Mwanangu, mukutano ni ya wenye ng'ombe. Bibi yangu mwenyewe hajaingia hata siku moja."

"Basi leo anataka!" sauti ilitoka jikoni. Ilikuwa ya mkewe, Mama Hélène. "Mupe mutoto nafasi aseme. Ao mangaribi utakula ile asali yako peke yake, bila bugali."

Papa Mbonigaba aliangalia upande wa jikoni, akaangalia upande wa Léontine, akaelewa amezingirwa.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulijaa kuliko kawaida, maana Fifi alikuwa ametangaza habari bure kwa kila mnunuzi. Wanawake hawakubaki uzioni. Mama Hélène aliingia na kiti chake, akakaa mbele, na wengine wakamfuata. Isidore alisimama mbali, karibu na lango, mikono nyuma.

Léontine alivua kanga ya mabegani, akaisokota kiunoni juu ya kitenge kama anayekwenda shambani. Mabuti yake aliyasimika katikati ya uwanja.

"Bapapa, bamama, ninawasalimu. Mulisema sitapata leteri juu naolewa. Nauliza: nani aliniposa? Miye sijaposwa. Nilisikia hapa, pamoja na ninyi."

Kicheko kilipita. Papa Mbonigaba aliinama akitafuta kitu kwenye kiatu chake.

"Mulisema mwanamuke anaondoka. Guy naye anataka kuoa. Kuko muntu alimuuliza bibi yake anatoka wapi? Akiwa wa Goma, akimuvuta kule, leteri itabaki na nani?"

"Anatoka Goma kweli," Guy alisema kwa sauti ndogo, na uwanja ukaangua kicheko.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliinua fimbo. "Mutoto, hata bila harusi. Tangu bazee betu, mwanamuke hakamui ng'ombe. Na mwanamuke mu siku zake asishike maziwa, yanaharibika. Tutaweka aje mwanamuke juu ya maziwa yote?"

Wanaume kadhaa waliitikia kwa kichwa. Hapo ndipo Léontine alipoogopa kweli, kwa kuwa alijua jambo hilo ndilo lililokuwa chini ya mengine yote, hata kama hakuna aliyelitaja mara ya kwanza. Alimsogelea yule mzee, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Papa, maziwa yako nilianza kuyashika siku gani?"

"Ni miaka, sasa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na miye niko mwanamuke kila siku. Nitajie ile siku yaliharibika."

Mzee alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, akiangalia juu, midomo ikitembea. Mke wake alikuwa wa kwanza kucheka, kwa sauti nyembamba iliyopanda, kisha wanawake wote wakaingia, wengine wakipiga mapaja. Mzee mwenyewe alijaribu kushika uso wa ukali, ukamponyoka.

"Sikumbuki," alikiri. "Na fromaji ilikuwa nzuri."

"Sitaki munihurumie," Léontine alisema, akawageukia wote. "Na sitaki kuondolewa kwa furaha. Mukiona kazi yangu mbaya, munikatalie juu ya kazi. Mukiona nzuri, munipe. Nitaishi wapi na nitaolewa na nani, nikijua miye mwenyewe nitawaambia."

Guy aliinua mkono kama mwanafunzi. "Miye nabaki kumusaidia. Tangu munitaje, silali."

Papa Mbonigaba alisimama. Alikuwa mzee mwenye kiburi chake, lakini pia alikuwa mtu wa haki, na vitu hivyo viwili vilipigana usoni mwake kwa muda. "Nilifurahi mbio," alisema. "Mwanangu, nilipaswa kukuita kwanza. Wenye kukubali Léontine, fimbo juu."

Fimbo ya kwanza kupanda ilikuwa ya mzee wa kofia ya sufu. Zikafuata nyingine, moja huku, tatu kule, halafu kundi zima. Wachache walizishikilia chini, wakanung'unika, na hiyo ni haki yao. Mama Hélène, ambaye hakuwa na fimbo, aliinua kiti.

Mtu akapiga kelele: "Na mwalimu? Mwalimu aseme kitu!"

Vichwa vyote viligeukia lango. Isidore alitikisa kichwa. "Munisamehe," alisema. "Nilishasema zangu zote mara ya kwanza."

Walipomaliza kumkumbatia, kumwinua na kumharibia kilemba, Léontine alitembea hadi langoni. Isidore alikuwa pale pale. Waliangaliana, Isidore akitazama juu, Léontine akitazama chini, na ghafla wote wawili wakaona aibu.

"Shefu," alisema Isidore.

"Mwalimu."

"Ulipokuwa unasema, niliwaza ile koridori. Hapa ku shule yetu nafasi ya direkta itafunguka. Juma hii nitaingia mu biro kuiomba. Mulango wazi."

"Bakikataa?"

"Bataniambia mu uso juu ya nini."

Léontine alitaka kumkumbatia, lakini macho ya mji mzima yalikuwa mgongoni mwake. Alimnyoosha kola badala yake, ambayo haikuwa imepinda.

"Sasa uliza," alisema.

"Niulize nini?"

"Isidore, usinichokoze. Nimengoja juma mbili."

Isidore alivua kofia. "Léontine," alisema, "utakubali kuishi na miye? Hapa Kitshanga, ao penye utataja? Mama yangu nitamwambia jibu lako, liwe lipi. Hajui kitu bado. Hakuna anajua. Nimekuuliza weye wa kwanza."

Kabla hajajibu, pikipiki ilipanda kilima ikinguruma, bido nne za maziwa zimefungwa nyuma. Kijana wa kuileta alizima injini, akaangalia umati, akauliza kwa sauti: "Shefu iko wapi? Nani anapokea?"

Uwanja mzima uligeukia lango, wengine wakisubiri jibu moja, wengine jingine.

"Ni miye!" Léontine aliita. Kisha akainama kwenye sikio la Isidore, midomo ikamgusa kidogo, na hiyo haikuwa bahati mbaya. "Ndiyo," alimwambia. "Ndiyo, chéri wangu. Sasa toka ku mulango, maziwa inaingia."